Safari ya karai na mchele: kutoka Bangkok mpaka mashamba ya Surin

Jumatatu, Bangkok

Watu wa kwetu wakisema wanaenda Bangkok ujue ni Pratunam, nguo za jumla, mabegi, na kurudi. Mimi nimekuja na kundi la dada zangu wa Kariakoo, tumelala gesti moja, ila asubuhi wao wakishika njia ya madukani mimi nashika njia ya chakula, maana nimeitaka hii safari muda mrefu, nataka nione wenyewe wanavyokaanga vitu vya baharini kwa pilipili na moto mkali, na nataka nijue ule mchele wao wanauchaguaje.

Nimeanzia kichochoroni nyuma ya maduka, vile vijimgahawa vya meza za kukunja ambavyo unaagiza chochote mama anakukaangia hapohapo. Nimeagiza phat kaphrao thale, yaani kamba na ngisi kwa majani ya kaphrao ambayo ni ndugu wa kivumbasi na mrehani wetu. Nikaomba nisimame pembeni ya jiko nitazame, mama akacheka akasogea kidogo.

Sasa sikilizeni. Kitunguu saumu na pilipili hakukata kwa kisu, alitwanga kwenye kinu zikapondeka nusunusu. Ngisi alikuwa ameshachovywa kwenye maji yanayochemka sekunde chache tu na kuchujwa, kwa hiyo akiingia kwenye karai hatoi maji. Moto juu, mafuta, kile kilichotwangwa kikaingia, kichochoro kizima tukaanza kukohoa, kamba wakaingia, wakageuka rangi, ngisi akafuata, nam pla (yale maji ya chumvi ya dagaa waliovundikwa mapipani), sosi ya chaza, sukari kidogo, upawa mdogo wa supu, halafu ngumi nzima ya majani, akageuza mara mbili akazima. Kuanzia mafuta mpaka sahani haikufika dakika tatu. Baht 70 na yai la kukaanga juu.

Nikaonja kamba peke yake kwanza. Chumvi juu, pilipili inachoma, nikawaza huyu mama kazidisha. Halafu nikachukua kijiko kile kile na wali mweupe, hauna chumvi, hauna mafuta, hauna nazi, umepikwa kwa maji tu, na kila kitu kikakaa sawa mdomoni. Hapo nikaelewa: hii mboga imetiwa chumvi kwa hesabu ya wali. Sisi pwani wali tunautia nazi na chumvi yake ukajitegemea, wao wanauacha mtupu makusudi, mboga ndo inabeba kila kitu, kwa hiyo ukikosea mchele hata ukae na mpishi bora wa Thailand chakula hakitakuja vizuri. Ndo maana nimeamua safari yangu ifuate vyote viwili, bahari na shamba.

Jumanne, soko la Or Tor Kor

Hili soko liko karibu na Chatuchak, unashuka kituo cha treni ya chini cha Kamphaeng Phet unatokea mlangoni. Safi sana, bei zake za juu, wenyeji wanasema matunda ya humu ni ya kifahari, lakini mimi nilikuwa nafuata wauza mchele.

Mchele umemwagwa kwenye mabeseni na mapipa ya mbao, kila moja na kikaratasi cha bei na jina. Nikamwonyesha mwenye duka simu yenye tafsiri, nataka mchele mzuri. Akaandika naye akanigeuzia: wa kula na nini? Nimelipenda sana hilo swali. Sokoni kwetu ukienda unaulizwa kilo ngapi.

Akanipa darasa. Hom Mali ndo huu unaonukia, na ndani yake zipo mbegu mbili tu zinazokubalika kuitwa hivo, Khao Dawk Mali 105 iliyopitishwa mwaka 1959 na RD15 ya mwaka 1978. Gunia likiandikwa Thai Hom Mali kwa kiwango cha serikali lazima lisipungue asilimia 92 ya hizo. Halafu upo Pathum Thani, mbegu ya mwaka 2000, nao unanukia ila unalimwa mabonde ya kati kwa umwagiliaji zaidi ya mara moja kwa mwaka, bei yake iko chini na ukiupika unakuwa mkavu kidogo kuliko ndugu yake, ni mchele mzuri tu, tatizo ni pale mtu anapouchanganya na Hom Mali akakuuzia kwa bei ya Hom Mali. Na upo Sao Hai, huo haunukii, mgumu, unachambuka, ndo wanaochukua wenye migahawa ya michuzi kwa sababu unavumilia kumwagiwa mchuzi bila kuwa uji.

Kisha kila mmoja unagawanyika tena, mpya na wa zamani. Sasa hivi ni mwisho wa Novemba, mavuno yameanza, mchele mpya ndo unaingia sokoni. Alichota wa zamani mkono mmoja na mpya mkono mwingine. Mpya unang'aa, una kaukijani kwa mbali sana, punje inapitisha mwanga kama kioo. Wa zamani umefubaa ukawa rangi ya maziwa. Akaufumbata ule mpya, akaupulizia pumzi ya moto kinywani mwake, akanipa ninuse, na ile harufu ikaja yote. Bibi yangu alikuwa anafanya hivyohivyo na mchele wa Kyela, anafumbata, anapulizia, ananusa, akikataa anarudisha.

Ile harufu yenyewe inatokana na kitu kinaitwa 2-acetyl-1-pyrroline, na hicho hicho ndo kimo kwenye majani ya pandani wanayotia kwenye vitumbua vyao vitamu. Pandani ni ukoo mmoja na mkadi wetu wa pwani, jamani, ule wa vikuba. Harufu hii inapungua kadri mchele unavyokaa, joto na mwanga vinaiondoa haraka, kwa hiyo mchele uliokaa dirishani kwenye jua hata uwe na jina gani usinunue.

Nimetoka na kilo moja moja ya kila aina, na fungu la majani. Hapa napo angalieni sana maana watu wanachanganya. Kaphrao ina majani yenye vinyweleo, kingo za menomeno, ukiilamba ina ukali wa karafuu. Horapha, mrehani mwingine wa huku, ina jani laini linalong'aa, kikonyo cha zambarau, na harufu ya kama shamari. Kila moja ina karai lake, kombe wa kukaanga wanataka horapha, ukiwatia kaphrao wanakuwa chakula kingine.

Jumatano, Mahachai mpaka Maeklong

Treni inatoka Wongwian Yai, ya taratibu, inapita migongoni mwa nyumba za watu mpaka unaona nguo zao kwenye kamba, kama saa moja hivi unaingia Mahachai na harufu ya samaki inakupokea kabla hujashuka. Huu ndo mji wa bandari ya uvuvi, Samut Sakhon, na wafanyakazi wengi hapa ni Waburma, vibao vya maduka vina maandishi yao.

Kamba wamepangwa kwa ukubwa, kwa barafu, wa bahari na wa kufugwa. Mwanamke mmoja muuzaji alinionyesha pa kutazama: kichwa na kiwiliwili, pale kwenye maungio. Pakilegea au pakianza weusi huyo kashakaa. Ngisi aangaliwe ngozi, madoa yake bado yanachezacheza rangi ukimgusa, akishakuwa mweupe wote au wa waridi huyo ni wa juzi. Nilikaa sana kwenye kombe wadogo wenye michoro, hoi lai, wamo kwenye mabeseni ya maji na midomo wazi, ukigonga beseni wanafunga. Asiyefunga anatupwa.

Ukivuka mto Tha Chin kwa kivuko unapanda treni nyingine mpaka Maeklong, kule ambako treni inapita katikati ya soko na wauzaji wanakunja maturubai, wengi mmeshaona video, sitarudia. Mimi nilienda kwa ajili ya kapi ya Khlong Khon. Kapi ni uduvi waliotiwa chumvi, wakaanikwa, wakasagwa, wakavundikwa. Inanuka, ndiyo, lakini ukinusa vizuri chini yake kuna utamu, na ile nzuri rangi yake ni ya zambarau ya udongo, si nyeusi. Chakula cha mchana kilikuwa kamba na sato, yale maharage makubwa ya kusini yenye harufu nzito, vimekaangwa na kapi na pilipili. Nimekula sahani mbili za wali. Pale walipika mchele wa zamani, punje imesimama, nkaona kweli inafaa maana kapi ni nzito na wali laini ungegandana nayo.

Alhamisi, Ang Sila

Siku fupi. Nimepanda basi Ekkamai kwenda Chonburi, halafu pikapu ya abiria mpaka Ang Sila, kijiji cha pwani kinachojulikana kwa chaza na kwa vinu vya mawe. Nimenunua kinu kidogo cha granaiti na mchi wake, kizito, dada zangu wameshaniambia uzito wa begi ni shauri yangu. Ila ukishaona pilipili zinavyotwangwa huwezi kurudi kwenye blenda. Blenda inakata na kuongeza maji, mchi unaponda na mafuta ya pilipili yanatoka, na kwenye karai lenye moto maji ndo adui wa kwanza.

Ijumaa na Jumamosi, Chanthaburi

Mji huu ni wa vito, na wikiendi mtaa mzima unakuwa meza za wanunuzi wenye taa na mizani. Waafrika wapo wengi, wa Magharibi zaidi, lakini haikupita nusu saa nikasikia "habari za leo" nyuma yangu, jamaa wa mawe kutoka Tanzania, mambo ya spineli za Mahenge na safaya za Tunduru. Kanichukua mpaka kwenye nyumba anayopanga, mwenye nyumba ni mama wa makamo anapika kuliko nilivyotarajia, na nilipomwambia nilichofuata akasema kesho asubuhi twende sokoni.

Chanthaburi ndo nyumbani kwa pilipili manga ya Thailand. Wanaiuza mbichi kwenye vishada vyake, kijani, na hiyo ndo roho ya phat chha, chakula ambacho kwangu mimi kinazidi vyote nilivyokula huku. Nitaeleza kama nilivyoona.

Mama alitwanga pilipili ndogo zile kali, kitunguu saumu na mzizi wa giligilani. Mzizi, siyo majani, kwetu tunaukata tunautupa na huku unauzwa. Akakata krachai nyuzinyuzi, huu ni mzizi wa ukoo wa tangawizi ila umetoka kama vidole vya mtu, ladha yake ina ardhi na dawa kidogo na kazi yake kubwa ni kuondoa shombo. Majani ya ndimu ya huko, yale mawili mawili, akatoa uti wa kati akachana. Pilipili ndefu nyekundu akakata mshazari, hizo ni za rangi. Vishada vya pilipili manga akaacha vizima.

Vitu vya baharini vilikuwa kamba, ngisi na vipande vya samaki wa minofu migumu. Ngisi kamchana michirizi ya msalaba upande wa ndani, akiingia kwenye moto anajikunja na ile michirizi inashika ladha. Na hapa ndo mama alipokuwa mkali: kila kitu kilipanguswa kwa kitambaa mpaka kikawa kikavu. Karai likapata moto mpaka likatoa moshi kabla ya mafuta. Kisha hakujaza. Tulikuwa watu sita, akapika mara tatu, sahani za watu wawili wawili, kwa sababu ukijaza karai la nyumbani moto unashuka, kamba wanatoa maji na kinachofuata ni kuchemsha. Mchanganyiko uliotwangwa ukaingia mafutani, harufu ikabadilika, samaki, kamba, ngisi mwisho, kijiko cha nam pla, sosi ya chaza nusu, sukari ya kubana, halafu krachai, pilipili manga, majani ya ndimu, horapha, na likashuka jikoni. Yale maji yaliyobaki chini ya sahani ni vijiko viwili tu, na hivo ndo vinavyoenda kwenye wali.

Ukitafuna kishada cha pilipili manga mbichi kinapasuka, ukali wake hauchomi ulimi kama wa pilipili, unapanda puani na kupoa. Nimekula nikatokwa jasho mpaka mgongoni. Mwenzangu wa mawe alikuwa ameshazoea, anakula huku anapiga hesabu za wateja.

Jioni ya Jumamosi alipika kaa kwa bizari na yai, phat phong kari. Hiyo ni mambo ya wapishi wa Kichina wa Bangkok lakini pwani yote wanapika, bizari ya unga, maziwa ya kopo, mayai, mafuta ya pilipili ya kukaanga, vitunguu na selari. Inakuwa rojorojo, na mama akabadilisha mchele! Asubuhi na phat chha alipika Hom Mali mtupu, jioni akachanganya, sehemu kubwa Hom Mali wa zamani na sehemu ndogo ya ule Sao Hai. Nikamuuliza kwa nini, akasema rojo la kaa linataka wali unaokunywa bila kuvunjika. Yule wa Or Tor Kor alishaniuliza wa kula na nini, leo nikaona maana yake kwenye sahani.

Jumapili, njiani

Basi mpaka Nakhon Ratchasima, watu wanaita Korat, kisha treni kuelekea mashariki mpaka Surin. Kinu changu miguuni. Sina la kuandika zaidi ya kwamba kuku wa kuchoma kwenye vituo ni mtamu.

Jumatatu, Surin

Asubuhi nimeenda kaskazini upande wa Tha Tum, huku ndo inaanza Thung Kula Ronghai, uwanda mpana unaoingia mikoa mitano: Surin, Roi Et, Sisaket, Yasothon na Maha Sarakham. Mchele wa Hom Mali wa uwanda huu ulipewa na Umoja wa Ulaya mwaka 2013 ulinzi wa jina la mahali unapotoka, na ukifika unashangaa kwanza, maana ardhi ni ya kichanga, ina chumvichumvi, maji ni ya mvua tu. Mkulima wa kwetu angepita. Lakini hiyo shida ndo inayotengeneza harufu, mpunga ukipata kiu kidogo wakati unaiva unanukia zaidi. Na mbegu hii inasoma urefu wa mchana, haitoi maua mpaka siku zianze kuwa fupi, kwa hiyo yote inachanua karibu pamoja mwezi wa 10 na kuvunwa mwezi wa 11, iwe umeipanda mapema au kwa kuchelewa. Mara moja kwa mwaka, basi. Ndo maana mtu akikuuzia "Hom Mali mpya" mwezi wa 5 muulize vizuri.

Mashamba mengi yameshakatwa. Mpunga umeanikwa kwenye nyavu pembeni ya barabara, unageuzwa kwa reki, na mzee mmoja alikuwa anauma punje kusikia mlio wake. Kiwango ni unyevu usizidi asilimia 14, ukizidi unavunda na harufu inakufa. Kwenye mashine ya kukoboa nilionyeshwa wanavyotenga punje nzima na chenga, na fundi akaniambia mchele uliokobolewa karibuni ni bora kuliko jina kubwa kwenye mfuko, kwa hiyo soma tarehe ya kukoboa kwanza. Punje nzima inavuka milimita 7, nyembamba, kitumbo hakina doa jeupe.

Watu wa kaskazini-mashariki wengi wanakula ule wali wa kunata kwa mkono, lakini Surin wana asili ya Kikhmer na wanakula huu wa kawaida, unaonukia, kila siku. Wanavuna bora duniani na wanaula wao wenyewe, na hilo limenifurahisha sana.

Jumanne, Surin bado

Mwenye gesti ameniruhusu jiko. Bahari iko mbali lakini sokoni kuna kamba na ngisi wa barafu wanaoshuka usiku, nimechagua kwa yale ya Mahachai, maungio na ngozi. Nimepika sufuria mbili za wali. Mpya wa hapa Surin, nimeuosha mara moja tu na haraka, maji kikombe kwa kikombe, na ukishakauka uachwe umefunikwa dakika kumi. Wa zamani nilioutoa Or Tor Kor, kikombe kwa kikombe na robo, kwa sababu umekauka na unavimba zaidi. Ule mpya ulianza kunukia kabla haujachemka vizuri, mwenye gesti akatoka ndani akaja.

Kwenye karai nimepika kaphrao ya ngisi kwanza, kavukavu, kali. Hiyo nimeila na wali mpya. Ule ulaini wake na harufu vinashika pilipili vizuri, chakula hakina rojo kwa hiyo wali haulowi. Halafu kombe kwa nam phrik phao (rojo la pilipili za kuchoma) na horapha, hiyo ina mchuzi mwekundu mtamutamu, nimejaribu na sufuria zote mbili na wa zamani umeshinda mbali, mpya ulikuwa unageuka uji chini ya sahani. Mwenye gesti amekataa, yeye anasema mpya kwa kila kitu mpaka mwezi wa 2, msimu ni msimu. Tumebishana kwa tafsiri ya simu mpaka kombe wakaisha.

Kesho asubuhi narudi kwenye mashine kununua kilo kumi, saba za mwaka jana na tatu za mpya, zifungwe mifuko midogo isiyoingiza hewa, na tarehe ya kukoboa iandikwe juu ya kila mmoja.